Maji Uani, Ndimu Mtini

Alhamisi, 18 Aprili

Ziwa limeingia uani kwetu. Si sana — ukisimama karibu na choo, maji yanafika kwenye kifundo cha mguu. Lakini asubuhi, nikiwa bado kitandani, niliona mwanga wake ukichezacheza kwenye dari. Miaka ishirini na saba nalala chumba hiki na ziwa halijawahi kuja kuniamsha! Nililitazama mpaka chai ikapoa. Ni aibu kuandika kwamba lilikuwa zuri, wakati majirani wanapita na magodoro kichwani.

Mjomba Étienne, mdogo wake Mama, alipiga simu kutoka Nyakabere. Ana vyumba viwili vitupu, mbali na ziwa, tuende hata kesho. Mama akamjibu taratibu tu: "Minye siwezi toka hapa, Étienne. Mundimu ingali na matunda."

Ndivyo alivyomjibu juzi pia. Baba aliupanda mndimu huo mwaka niliozaliwa, akauwekea sheria: ndimu zake haziuzwi, wala hakuna hata moja inayoachwa ioze chini. Zinaliwa au zinagawiwa. Baba ana miaka sita kaburini na sheria iko palepale. Kwa Mama, kuondoka matunda yakiwa mtini ni kumwacha mumewe peke yake mezani.

Sasa hao wa kugawiwa ndio wanaoondoka. Nilipandisha sketi, nikaingia majini kuzihesabu. Thelathini na nane.

Ijumaa, 19 Aprili

Nina wazo! Lilikuja nikiwa nimekaa kizingitini, miguu majini, nikitazama kandambili ya mtu ikielea polepole kuelekea Burundi.

Mwezi uliopita Fanny, mwalimu mwenzangu, alinionyesha kwenye simu yake donati za ndimu. Haziingii kwenye mafuta. Zinaokwa. Mama, aliyekuwa akinywa chai na mandazi matatu kila siku ya Mungu, daktari amemkataza mafuta kwa sababu ya tension, yaani presha, na tangu hapo anaitazama chai yake kwa huzuni. Basi nimuokee! Atakula, ndimu zitakwisha, tutaondoka. Hakuna ugomvi, hakuna machozi. Shule imefungwa, familia zilizokimbia maji zinalala madarasani, kwa hiyo muda ninao.

Niseme na lingine, kwa kuwa hakuna anayesoma hapa. Tangu zamani nina duka kichwani. Liko mtaa wa Mulongwe, lina dirisha la kioo, na nyuma ya kioo donati zimepangwa safu safu, watu wanasimama nje wakinusa. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 21 Aprili

Janga!

Tanuri hatuna. Lakini kila mtu hapa anajua keki inavyookwa: sufuria kubwa, mchanga ndani, sahani ya bati juu ya mchanga, mfuniko, makaa chini kwenye mbabula, lile jiko la bati, na makaa mengine juu ya mfuniko. Unga niliukanda baada ya misa. Ganda la ndimu nililisugua kwenye kopo la sardini nililolitoboa kwa msumari. Harufu ile! Nilifumba macho nikasimama hivyo hivyo, mikono kwenye unga, sijui muda gani. Nikakata mviringo kwa glasi, tundu la katikati kwa kizibo cha soda. Zikaumuka chini ya kitambaa.

Mchanga wetu wa uani uko chini ya maji. Nikaenda kuchota kwa Mama Generose, jirani, mahali palipoinuka kidogo mbele ya nyumba yake. Mchanga mkavu, mweupe, mzuri kabisa. Mimi na akili zangu! Mahali hapo hapo Mama Generose ameanika ndagala, dagaa wa ziwa, kwa miaka kumi na mitano.

Mchanga ulipopata moto... Donati ziliiva vizuri, rangi ya dhahabu, laini, na zikanuka ndagala mpaka katikati ya tundu. Mama Generose alionja moja, akashika kiuno, akamwita mama yangu: "Mama Ornella, kuya uone! Mwana yako anavumbua ndagala ya sukari!" Wakacheka mpaka wakakaa chini. Mama hajacheka hivyo tangu maji yaanze kupanda. Nilikasirika, kisha nikacheka na mimi.

Ndimu nne zimekwenda. Zimebaki thelathini na nne.

Jumanne, 23 Aprili

Mchanga wa mto, safari hii. Nilipanda kando ya mto mpaka kupita daraja, nikauchota, nikauosha maji matatu, nikaukausha.

Zimetoka! Sijui niandike vipi. Ukikata, mvuke mdogo, na ndimu inakufikia puani kabla ya sukari. Nilipaka juu sukari iliyolainishwa kwa maji ya ndimu, ikaganda, ikang'aa. Nilizipanga safu safu kwenye sinia, nikarudi nyuma hatua tatu nikazitazama kutoka upande wa wateja. Ndimu sita kwa mkupuo mmoja.

Nikampelekea Mama nzuri kuliko zote, na chai. Akainusa. Akairudisha kwenye sahani.

"Ornella. Weye haunipikie minye. Weye unamaliza mundimu."

Akaongeza, bila hasira, kwamba nisizitupe, nizipeleke kwa watu waliolala shuleni, hiyo nayo ni kugawa. Nikazipeleka. Zilikwisha kabla sijafika darasa langu. Bibi mmoja kutoka upande wa Makobola alilamba vidole, akauliza mimi ni mwana wa nani.

Mama amenijua. Na bado hakunikataza.

Jumatano, 24 Aprili

Leo maji yako magotini. Kiboko amepita asubuhi kati ya nyumba yetu na ya Mama Generose — sikumwona, nilimsikia akipumua, pumzi nzito ya mtu mnene anayepanda ngazi. Tulikaa kimya jikoni mimi na Mama mpaka akaenda zake. Mama alinishika mkono muda wote.

Majani ya mndimu yanageuka manjano. Mizizi inakunywa kupita kiasi, anasema Mama. Anautazama kutoka mlango wa jikoni. Majini haingii, anaogopa kizunguzungu.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimeoka mara mbili leo. Fanny alikuja kusaidia, amevaa buti za mumewe. Tuliweka mbabula juu ya meza uani, meza ikasimama majini, na sisi tukapika tukiwa tumelowa mpaka mapajani tukiimba nyimbo za kwaya. Jua likapiga maji, maji yakapiga ukuta, ukuta mzima wa jiko ukawa unatetemeka kwa mwanga. Kwa nusu saa nilisahau kabisa kwamba hii ni nyumba inayozama. Nilikuwa dukani kwangu! Nilimwambia Fanny habari za lile dirisha la kioo. Hakunicheka. Aliuliza kama atapata kazi.

Zimebaki kumi na sita. Na hapa ndipo nashangaa mwenyewe. Nilipokuwa nachuma, mkono ulisita. Wiki iliyopita nilitaka zipungue haraka. Leo nilichagua zile ndogo, nikaacha kubwa, kana kwamba zikibaki kubwa zitakuwa nyingi. Naupenda mti huu. Chini yake Baba alinifundisha kusoma saa. Sitaki kuondoka, na maji yanapanda, na mimi ndiye ninayeumaliza kwa mikono yangu.

Jumapili, 28 Aprili

Ukuta wa jiko la Mama Generose umeanguka tukiwa misani. Hakuna aliyeumia. Amehamia kwa mkwe wake, juu mlimani. Kabla ya kwenda alimshika Mama mabega: "Mama Ornella, nyumba ni udongo tu. Toka!" Mama akanituma nimchumie ndimu mbili za njiani.

Mjomba Étienne amepata kamioneti, gari dogo la mizigo, ya rafiki yake. Atakuja Alhamisi. Nilisikia sauti yake kwenye simu, alikuwa karibu kulia: "Yaya, maji iko inaingia mu nyumba, weye unangoja nini?" Mama akasema aje. Lakini akiukuta mti una tunda hata moja, atarudi na gari tupu. Mjomba akakubali. Anamjua yaya wake, dada yake mkubwa.

Jikoni kuna ufa mpya. Unaanzia sakafuni, unapita nyuma ya kabati. Nimeingiza kidole, kikaingia chote.

Nimeoka ndimu tano. Zimebaki tisa.

Jumanne, 30 Aprili

Niandike haraka, kisha nilifiche daftari hili.

Asubuhi nilichuma nne. Zilizobaki, tano, ziko juu, na kuzifikia ilibidi nizunguke upande wa ziwa, upande ambao kutoka jikoni hauonekani. Maji yalikuwa kiunoni. Nikainua macho.

Mndimu umechanua. Upande wote ule ni mweupe! Maua mengi sijawahi kuyaona hata mwaka wa mvua nzuri, na vichipukizi vingine vya zambarau vikingoja zamu. Nyuki walikuwa wameshafika. Harufu yake ilijaa hewa yote. Nilisimama majini nikisahau kiboko, nikisahau kila kitu. Mti unakufa na unachanua! Au haufi? Sijui. Mimi si mtu wa miti.

Kisha nikaelewa. Ua ni tunda. Mama akiyaona haya, atahesabu miezi, atakaa. Atakaa na ule ufa nyuma ya kabati, na ukuta utamwangukia.

Niliyachuma yote. Moja moja, kila tawi, mpaka vichipukizi. Nyuki mmoja aliniuma kidoleni na nikasema asante, nilistahili. Yalijaa mbele ya blauzi yangu. Nilishindwa kuyatupa majini, yangeelea mpaka mlangoni kwa Mama. Nikayafukia kwenye kopo la sukari, nikafunga kifuniko.

Wakati wa chakula Mama aliuliza kwa nini macho yangu ni mekundu. Nikasema moshi.

Jumatano, 1 Mei

Sikukuu ya kazi. Hakuna gwaride mwaka huu.

Nilitoka chumbani nikamkuta Mama majini! Ameshika fimbo, kitenge kimefungwa juu ya magoti, anazunguka mti. Alikwenda mpaka upande wa ziwa, akashika matawi, akayashusha, akayaachia. Nilibaki mlangoni nikimwomba Mungu, na sijui nilikuwa namwomba nini hasa.

Akarudi na ndimu tano kwenye upindo wa kitenge. Akaziweka mezani mbele yangu.

"Ndiyo zile za mwisho. Imeisha. Kesho asubui uzipike, Étienne atakuta moto ungali."

Akakaa, akajifuta miguu kwa kitambaa, kidole kwa kidole. Akasema atakula moja ya kesho. Moja tu, ya njiani. Kisha akaanza kukunja mashuka.

Nimepata nilichokitaka. Naona haya mpaka kuandika.

Alhamisi, 2 Mei

Maji yameingia jikoni. Nimeoka juu ya kitanda changu kisicho na godoro, mbabula kwenye mbao. Sukari niliyokuwa nayo ni ile ile. Nilifungua kopo — maua yamenyauka, ya kahawia. Niliyatoa moja moja, nikayatupa nje dirishani. Sukari nikaipepeta. Ilikuwa nyeupe, safi, hata nikajiambia hakuna kitakachojulikana.

Mjomba amefika saa nne. Kamioneti imesimama barabarani, mahali pakavu. Kabati limebebwa, magodoro, picha ya Baba, mbuzi wa Mama Generose aliyesahauliwa. Mama alitoka wa mwisho. Hakulia. Alifunga mlango kwa ufunguo, na maji yakiendelea kupita chini ya mlango. Mjomba akampandisha mbele, karibu na dereva, nikampa donati yake ndani ya kitambaa, ingali ya moto.

Akavunja kipande. Akakitia mdomoni. Mjomba akagonga bati la gari, dereva akawasha.

Mama akaacha kutafuna. Akafumba macho. Akainusa ile donati, akaigeuza, akainusa tena — na uso wake, sijui, kwa kitambo kidogo ulikuwa uso wa msichana.

"Ornella," akasema, "mundimu ilitoa maua siku gani?"

Injini ilikuwa inanguruma, ningeweza kujifanya sikusikia. Nikasema juzi. Jumanne.

Hakunipigia kelele. Alirudisha donati kwenye kitambaa, akakifunga vizuri, akaniwekea mkononi. Akafungua mlango wa gari, akashuka peke yake, bila fimbo.

Dereva amezima injini. Mjomba amekaa kwenye ubao wa nyuma, kichwa mikononi, kando ya mbuzi. Mimi niko juu ya magodoro, naandika kwa sababu mikono yangu haina kazi nyingine. Mama yuko chini ya mti, maji kiunoni, anainua tawi baada ya tawi, anapitisha vidole pale maua yalipokatwa.

Sasa hivi ameuliza, bila kugeuka, sauti yake ya kawaida kabisa: "Yalikuwa mingi?"

Mjomba ameinua kichwa ananitazama. Nafunga daftari, nashuka.