Mtandao Ufike Chumbani kwa Mama

Jumamosi, 6 Juni
Nimemaliza kusahihisha madaftari ya darasa la nne. Chai. Kisha ruta, kile kisanduku cha mtandao. Nimeiweka juu ya kabati la sebuleni, karibu na dirisha la mbele, ndipo simu zinaposhika. Laini ya simu ndani, taa zikawaka kijani. Simu yangu imeingia. Ya mume wangu Amade pia. Na kompyuta. Nimecheza peke yangu sebuleni.
Chumbani kwa mama, hakuna kitu. Nyumba ya mawe, kuta nene.
Alhamisi binti yetu Anchia anatetea kazi yake ya mwisho ya uuguzi mbele ya walimu, chuoni Nampula. Tutamwangalia kwa kompyuta. Mama ndiye aliyemlea nilipokuwa nasomea ualimu. Lazima aone.

Jumapili, 7 Juni
Mama hajatoka chumbani tangu avunjike nyonga. Amade akajitolea kumbeba hadi sebuleni. "Mkwe wangu, mimi si gunia la mihogo," mama akamjibu. Amade akaona haya, akatoka.
Basi mtandao ndio utakaomfuata.

Jumanne, 9 Juni
Fundi wa simu sokoni kaniuzia ruta ya pili, kuukuu, na waya mrefu. Amade kaupitisha darini, karudi na buibui kichwani. Mimi nikafunga vichwa vya waya. Ndani mna vijiwaya vinane vya rangi, kila kimoja na nafasi yake. Nilichanganya kijani na buluu. Nikakata. Nikaanza upya. Mara ya tatu taa ikawaka, nikapiga kigelegele. Jirani akauliza nani kaposwa.

Jumatano, 10 Juni
Hasira. Tangu nichomeke ruta ya pili, nyumba nzima haina mtandao. Hata sebuleni. Nikabadilisha senha, lile neno la siri, nikakosea kuiandika, nikajifungia nje mwenyewe.
Anchia kapiga simu mchana. "Mama, mko tayari?"
"Tayari, mwanangu." Uongo. Kisha nikalia jikoni. Amade akachukua mbuzi akanikunia nazi.
Alasiri ndipo nikaona. Ruta zote mbili zina anwani moja! Kama nyumba mbili zenye namba ileile, mgeni hajui abishe wapi. Nikaingiza sindano kwenye kitundu cha nyuma, ruta zikasahau kila kitu. Ya pili nikaipa anwani yake, nikaikataza kugawa anwani kwa wengine. Kazi hiyo ni ya ile ya kwanza.
Sebuleni mtandao umerudi. Kwa mama unaingia, unatoka. Naogopa.

Alhamisi, 11 Juni
Sanduku la bati! Ruta ya pili nilikuwa nimeificha nyuma yake, bati likazuia mtandao. Asubuhi nimeipandisha kwenye rafu, picha ikatulia.
Mama akataka kanga mpya. Akataka na wanja.
Saa tatu Anchia akatokea, koti jeupe. Mama akakishika kioo cha kompyuta kwa mikono miwili. Maneno ni ya Kireno, mimi namtafsiria. Mwalimu mmoja, mkali, akauliza: mgonjwa mzee asiyeweza kutembea, utamkingaje na vidonda vya kulala? Anchia akaweka karatasi zake chini. Kisha akaeleza, polepole, yote: kumgeuza, kumkausha, kumkalisha. Nikatafsiri.
"Kweli hiyo!" mama akapaza sauti. "Ndivyo alivyoniambia kila siku likizoni!"
Sikuwa nimezima kipaza sauti. Chumba kizima kule kikamsikia. Mwalimu akauliza ni nani huyo.
"Ni bibi yangu," Anchia akasema. "Kazi hii nimeianza kwake."
Mkali yule akacheka. Kafaulu. Kafaulu! Amade kalia kuliko mimi. Wali wa nazi, samaki, majirani hadi uani.

Ijumaa, 12 Juni
Nimefua. Amade yuko msikitini.
Nilikuwa naanika kanga nikasikia sauti ya Anchia dirishani kwa mama. Kampigia yeye moja kwa moja, kwenye kompyuta niliyomwachia, hakupitia kwangu. Wanazungumza kuhusu mchumba wa Anchia, ambaye mimi sijaambiwa habari zake. Mama anacheka hadi anakohoa.
Sikuingia. Nimekaa kibarazani, nje ya dirisha, na beseni tupu.