Chambo cha Kijani

Tottenham, London
2 Machi 2025

Mpendwa Baba,

Leo ni tarehe mbili Machi, na mwezi huu natimiza miaka minne tangu nitoke Naivasha. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kifua kimetulia. Mimi sijambo, ila mgongo. Tunavunja kuta za ndani za jengo la ofisi huko Croydon, na mgongo wangu unavunjika pamoja nazo.

Naandika kwa sababu kwa simu hatuwezani. Juzi nilipaza sauti mpaka wapangaji wenzangu wakagonga ukuta, na wewe ukanijibu habari za mbuzi. Mashine za maji za shamba la maua zilikumaliza masikio, basi tuandikiane kama watu wa zamani. Sista Priscilla, nesi wa kanisani kwetu hapa, anakuja huko likizo. Atampa dada Peris mzigo huu.

Sasa neno langu. Peris ameniambia ziwa limepanda hadi nyumba yetu imezama nusu, na kwamba wewe unavua ukiwa juu ya tuta la barabara, unarusha ndoano katikati ya nyumba. Hilo sina ubishi nalo. Lakini anasema ndoano ikinasa kwenye magugu unaingia majini mpaka kiunoni kuitoa. Baba, humo mna viboko. Mwenye masikio humsikia kiboko akipumua. Wewe hutamsikia.

Kwa hiyo nimekutengenezea kitu. Kazini kuna Singasinga mmoja wa Ilford, anaitwa Gurpreet. Siku za mapumziko huvua samaki aina ya besi wa baharini pale mto Thames unapoingia bahari. Si besi wetu wa mdomo mpana, ila tabia ni ile ile: hujificha, hungoja, kisha hurukia. Gurpreet hatumii mnyoo wala dagaa. Hutumia chambo bandia, na wakati wa chai alinionyesha namna ya kukivisha ndoano kisinase.

Hivyo vidude vya sponji vya rangi ya machungwa ni vya kuziba masikio mashine zikipiga. Nimevigundisha viwili viwili, vikawa mnyoo. Choma ndoano kichwani mwa mnyoo, itokeze chini kidogo, ivute mpaka shingo yake izame. Halafu igeuze, ufiche ncha ndani ya mwili. Magugu hayaioni, yanateleza tu. Besi akibana, sponji inabonyea, ncha inatoka.

Kikinasa hata hivyo, kata uzi. Ni takataka za kazini tu.

Mwanao,
Harrison


Naivasha
20 Aprili 2025

Kwa mwanangu Harrison,

Salamu kutoka kwetu sote. Kifua kinakuja na kuondoka kama mgeni asiye na haya. Wewe unakula? Peris alinionyesha picha yako, nikaona umebaki shingo na koti.

Dawa ya masikio nimeipokea. Ian kinyozi aliposikia ni za nini, alicheka mpaka mteja akaomba wembe uwekwe chini. Akaniandikia kwenye kipande cha gazeti ili nisikose utani wake: "Mzee, yako yalishajiziba yenyewe, huyu mtoto anataka uzibe nini tena?"

Sasa na wewe nisikilize. Chambo chako kinaelea kama kinyesi. Jua likiwa kali besi wa huku hapandi juu, amelala chini kivulini. Nilichukua msumari mdogo, nikaukata kichwa, nikausukuma ndani ya mkia wa mnyoo. Ukazama upande mmoja, ukawa kama unachimba. Na ndoano sikuificha. Niliipitisha katikati ya mwili, ncha nje, pande mbili zikaning'inia kama ndoo za maji kwenye mti wa begani. Ukigusa uzi kidogo tu, pande zote zinatikisika. Kwa mtindo wako wa kuficha sikupata hata kiluwiluwi. Kwa wangu nilijaza sufuria ya Peris.

Unajua niliwatoa wapi? Jikoni kwetu. Wamekuta mlango wazi wakaingia. Mmoja nilimvuta pale pale mama yako alipokuwa akiweka jiko. Nilicheka peke yangu barabarani, watu wakanipisha.

Ni kweli mtindo wangu unanasa zaidi. Usijali. Watu wa makaratasi hawajakujibu bado?

Ni mimi,
Baba yako


Tottenham, London
15 Juni 2025

Mpendwa Baba,

Nakusalimu na kukuombea afya. Hapa joto limeingia, na vumbi la kuta linashika kooni kama unga mkavu. Mgongo uko vile vile.

Hawajajibu. Kutoka ghorofa tunayovunja naliona jengo la uhamiaji, ambako nadhani ombi langu limelala. Nikitoka nchi hii kabla ya jibu, ombi limekufa na sirudi tena. Ndiyo maana siji kukushika mkono nikutoe huko majini. Gurpreet ananitania, eti nilitazame sana jengo lile, huenda nikavua jibu humo.

Nimeufikiria mtindo wako wa ndoo mbili. Gurpreet amekubali kwamba mzee anajua kazi. Amesema nikuulize kama unataka kibarua. Lakini ncha iliyo nje ndiyo inayokupeleka majini, kwa hiyo nimetafuta njia ya katikati. Hicho cha kijani nimekitengeneza kwa mpira wa glavu na ganda la waya wa umeme. Mkia nimeupasua nyuzi nyuzi kwa kisu. Macho ni rangi ya kucha, amenipa Sista Priscilla. Mbele ya ncha ya ndoano utaona nywele mbili ngumu za ufagio, nimezifunga zielekee mbele. Hizo ndizo walinzi. Gugu likija linasukumwa pembeni. Besi akija, nywele zinapinda.

Kimenichukua majuma mengi, kila jioni kidogo. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri namna hii, na ndani ya kifundo cha kwanza nimefunga uzi wa shati langu la shule, lile ulilonishonea kola. Nilikuja nalo huku, usiniulize kwa nini.

Ahidi tu jambo moja. Kikinasa, kata uzi.

Mwanao,
Harrison


Naivasha
3 Agosti 2025

Harrison mwanangu,

Nakusalimu. Tuko wazima. Maji yamepanda tena, sasa yamefika madirishani.

Kile cha kijani kimefika. Sikukitumia siku ya kwanza. Nilikiweka juu ya meza nikakitazama, na Peris akasema nakitazama kama bibi harusi. Uzi wa shati niliujua kabla sijasoma barua.

Kinavua vibaya sana. Besi wanakigombania. Nywele za ufagio zinafanya kazi kwenye magugu, hapo nakupa heshima yako. Lakini dirisha la jikoni lina nondo, na nondo si magugu. Kilinasa hapo juzi.

Niliingia. Usikasirike. Vile vya machungwa nimeviacha humo vingi, na sikulala njaa kwa kuviacha. Hiki siwezi. Nyumba nimeyaachia maji, kitanda nimeyaachia, hata mti wa mama yako wa mapera. Kazi ya mikono ya mtoto wangu sitayaachia.

Kiboko nilimwona baadaye, mbali, upande wa kanisa. Hatuna ugomvi naye.

Baba yako


Tottenham, London
9 Novemba 2025

Mpendwa Baba,

Natumaini u mzima. Safari hii nakuuliza kwa kweli, si kwa desturi.

Barua yako ilichelewa njiani, kisha nikaandika majibu nikayachana. Nilikuwa nimelala nyumbani, mgongo umegoma, na kichwani ni nondo tu za dirisha letu. Nilikutengenezea kitu cha kukuzuia usiingie majini, na ndicho kinachokuita ndani.

Basi nimebadilisha. Utakuta mfuko mzima wa chambo, na vyote nimevitengeneza vibaya makusudi. Vingine vimepinda. Kuna vya mifuko ya plastiki, kuna kimoja cha soksi ya mtu ambaye simjui, niliiokota pale kwa mashine za kufulia. Hakuna nilichokaa nacho zaidi ya dakika chache. Hakuna uzi wa shati. Lakini vinavua, Gurpreet alivijaribu, na besi walivila bila kuuliza ni vya nani. Ndoano ni za bei ya chini, zinapinda ukivuta kwa nguvu. Nondo ikishika, vuta, itanyooka, chambo kitatoka. Kikikataa, kata.

Kile cha kijani kitundike ukutani kwa Peris. Tafadhali, Baba. Huko pia ni kukitunza.

Sista Priscilla angesafiri wiki hii, lakini wodi imemnyima likizo hadi Desemba. Nimemwambia Peris kwa simu akufichie viatu vya mpira. Akasema unaingia peku.

Mwanao,
Harrison


Tottenham, London
8 Desemba 2025

Baba,

Barua zote nilizokuandikia nilizianza kwa kukuuliza afya. Hii sina la kuuliza.

Peris alinipigia Jumanne nikiwa juu ya ngazi. Alisema ulitoka asubuhi na kile cha kijani, kikashika kwenye nondo zile zile, na wewe ukaweka ufito chini ukaingia. Ian alikuwa mlangoni pa kibanda chake cha kunyolea. Alimwona kiboko akitoka nyuma ya ukuta wa choo, akakuita. Anasema aliita mpaka sauti ikamkauka. Wewe ulikuwa umempa kiboko mgongo, unafungua uzi taratibu, kama mtu aliye nyumbani kwake. Na kweli ulikuwa nyumbani kwako.

Sista Priscilla alifika na mfuko Ijumaa. Peris hakujua afanye nini na vile vibaya. Amevitia kwenye kabati.

Leo nimeandika kwa watu wa makaratasi kwamba naliondoa ombi langu. Gurpreet alinisaidia kupanga maneno. Aliniuliza mara mbili kama najua sitarudi, nikamwambia najua. Glavu zangu nimemwachia yeye.

Barua hii naibeba mwenyewe. Peris atakusomea Jumamosi kabla hawajakufunika kwa udongo, kwa sauti ya kawaida, asipige kelele.

Amesema pia kwamba chambo bado kiko dirishani. Watu wakisimama barabarani wanakiona kikicheza maji yakisukuma, na uzi umeelea mpaka ukingoni. Vijana wawili wamejitolea kukifuata kwa mtumbwi, kwa heshima yako. Nimewakataza. Asiingie mtu. Kisu cha kazi ninacho, na uzi unafikika kutoka barabarani. Nitaukata mimi.

Natua Nairobi Alhamisi alfajiri, tarehe kumi na moja. Kabla ya saa sita mchana nitakuwa Naivasha.

Mwanao,
Harrison