Paka Hana Shughuli na Bahari

4 Machi

Baba, shikamoo. Mimi mzima, natumaini nawe hujambo, pamoja na hayo macho. Jirani yako kaniambia umemshonea mtu shati, mkono mmoja ndani nje. Baba, njoo ukae kwangu. Chumba kipo, kina dirisha. Na usimtie paka wako kwenye visingizio: hapa kiwandani tunafungasha samaki wa bahari kwenye mikebe, chakula cha paka hasa. Hatalala njaa. Sema tu nije lini kukuchukua.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu, marahaba. Sijambo, macho tu ndiyo yamenigomea. Mwenye shati kalivaa na hajasema kitu. Sasa nieleze: paka na samaki wa bahari walikutana wapi? Huyu wangu nikimwaga maji tu anapanda paani. Anakula panya na mijusi, akikosa, panzi. Bahari hajaiona, wala hana shughuli nayo. Kumhamishia huko ni kumwonea. Tutabaki.

Baba yako

2 Aprili

Baba, shikamoo. Hamjambo wote wawili? Swali lako nimempelekea msimamizi wetu. Kacheka, kisha akakubali kwamba porini paka asingekutana na jodari maisha yake yote. Ni watu waliomzoesha. Ila akionja, hula. Nakutumia mikebe. Akila, unahama. Tukubaliane hivyo.

Mwanao

28 Aprili

Mwanangu, marahaba. Afya ipo. Nimefungua mkebe. Kanusa, kanitazama, kala, akaulamba mpaka ukaingia chini ya cherehani. Umenishinda. Kwa hiyo jirani anakuja huko na kikapu, paka yumo ndani.

Mimi siji. Kila asubuhi nafagia kaburi la mama yako hapo nyuma ya jiko, na kwa kazi hiyo sihitaji macho. Naogopa kufa mbali naye, basi. Paka nilimsingizia tu. Mlishe vizuri.

Baba yako

9 Mei

Baba, shikamoo. Mgeni kafika salama. Nimemfungulia kila aina tunayofungasha, hagusi. Amekaa mlangoni analia, nikitoka kazini namkuta palepale. Msimamizi anasema ni ugeni, utaisha. Mimi niko hapa miaka yote hii na wangu haujaisha.

Kiwandani nimeaga. Mashati yenye mikono yaweke kando, nitayashona mimi, si ulinifundisha mwenyewe. Jumamosi tupo hapo, mimi na yeye. Panya usiwafukuze.

Mwanao