Sauti Iliyoita Ng'ombe Nyamitaba

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa Mweso, tarehe 16 Machi 2022, saa nne asubuhi

Jina: Murekatete Alliance
Umri: miaka 24
Kazi: mwalimu wa sekondari
Makao: Nyamitaba, Masisi
Kuhusu: kutekwa kwa kaka yangu Rukara, mfugaji, miaka 31

Mnamo tarehe 14 Machi, saa tisa mchana, milio ya risasi ilitawanya ng'ombe wetu kumi na mmoja. Saa kumi na moja palikuwa kimya, lakini hawakurudi. Ng'ombe wetu huitikia sauti moja tu, ya baba, aliyefariki mwaka 2019. Kabla hajafa tulimrekodi akiwaita kwa majina, na kila wakati wa kukamua tunawapigia kaseti hiyo.

Afisa ameniomba niieleze mashine ya kuchezea kaseti hiyo. Ni deki ya zamani ya stereo. Kaseti inalazwa juu, chini ya kifuniko cha kioo. Mbele ina vitufe sita vizito na mishale miwili, mmoja wa kushoto, mmoja wa kulia, inayopanda kadiri sauti inavyopanda. Haina spika. Siku hiyo niliiunganisha na amplifaya, betri ya sola na spika kubwa ya kanisa.

Rukara aliniambia, "Alliance, punguza. Hii sauti itafika mbali."

"Si njo kazi yake, kaka? Ao tuziandikie barua?"

Alicheka. "Njo shida ya kukaa na mwalimu. Ita basi, miye naenda kuzipokea ku kijito."

Nilipandisha hadi mishale yote ikalala kwenye sehemu nyekundu. Baba aliita Bihogo, akaita Gaju. Ng'ombe saba walitoka migombani. Nyuma yao walikuja watu wanne wenye silaha, wakiwafuata polepole.

Nilibonyeza kitufe cha kusimamisha. Nilikuwa nyuma ya ukuta, hatua kama thelathini kutoka kijitoni alipokuwa Rukara.

Mmoja aliuliza, "Nani alikuwa anaita?"

Rukara alijibu, "Ni miye."

"Ita zenye zimebakia."

Aliita majina yote manne, kisha akaanza upya. Hakuna aliyekuja. Walimpiga kwa kitako cha bunduki, akaita tena. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kuwasha kaseti. Kama ningekibonyeza, ng'ombe wangekuja. Sikukibonyeza.

Walimfunga kwa kamba ya ndama, wakaondoka naye kuelekea Walikale.

Niliyosema ni niliyoyaona na niliyoyafanya.

Sahihi: Murekatete A.

Nami, Habineza, afisa wa polisi, nimemsomea shahidi maelezo haya. Nilimuuliza mara mbili kama tufute habari ya kidole. Alisema ibaki.