Nyuma ya Gari la Mzee Len

Jumatano, 3 Juni 1998
Zamu ya alfajiri. Basi limejaa mpaka mlangoni. Magoti yanauma. Nimerudi nyumbani Walthamstow, hapa London, saa tisa, badala ya kulala nikaenda kung'arisha gari. La mwaka sitini na nane, kuukuu kama mwenyewe. Jumapili klabu yetu ya magari ya zamani inakwenda kula chakula cha mchana kwenye baa moja huko mashambani. Mama Zuhura ananicheka: kutwa naendesha, siku ya mapumziko naendesha. Hana kosa.

Ijumaa, 5 Juni
Sina raha. Klabuni mkubwa wa umri ndiye anayetangulia msafarani, wala hapitwi. Mkubwa ni Mzee Len, miaka sabini na tisa, mgane, hana kingine ila klabu. Mimi huwa wa pili. Mwezi uliopita alipita taa nyekundu mchana kweupe. Akasema mbona ilikuwa rangi ya waridi, si nyekundu. Tukacheka wote, na mimi nikacheka. Macho yake yamekwisha.

Jioni katibu wa klabu kapiga simu kuuliza nitakula nini. Nilitaka kumwambia. Nikaagiza samaki.

Mama Zuhura kanisikia. "Baba Zuhura, wewe ndiye uliye nyuma yake. Usiposema wewe, aseme nani?"

Mzee wa watu nimwambieje aache gari? Kwetu Muheza ningemtuma mjomba. Hapa mjomba sina.

Jumapili, 7 Juni
Magari saba. Mzee Len kanichokoza dirishani: "Wewe wa basi, leo hakuna vituo."

Katuingiza kwenye zizi la nguruwe. Kibao cha baa kilikuwa ng'ambo ya barabara, kikubwa kama mlango. Tukamfuata kwa adabu, msafara mzima, mimi Mwislamu nikiwa wa pili. Wenzangu walicheka hadi machozi.

Tukitoka, akaja mama mmoja na baiskeli. Mzee hakupunguza mwendo hata kidogo. Nikapiga honi mpaka kiganja kikafa ganzi. Mama akajitupa kichakani. Hakuumia. Alitutukana tu, na haki yake.

Mezani hakuna aliyelitaja. Maongezi kabureta, kabureta. Nikamwacha samaki sahanini. Nikamfuata mzee nje kwenye maegesho.

"Mzee, hukumwona yule mama."

"Niliona kitu. Nikadhani kichaka."

Nikamwomba ufunguo. Akaniambia nikaendeshe basi langu. Nami mwoga, nikamwacha aondoke. Amerudi akiwa mbele, mimi nyuma, mkono juu ya honi njia nzima. Nimechoka kuliko wiki nzima ya zamu.

Jumatatu, 8 Juni
Katibu kapiga. Mzee amejitoa klabuni, anasema nimemvunjia heshima. Wengine wanaona ningesubiri. Kusubiri nini, sikuuliza. Najiona mshenzi.

Alhamisi, 11 Juni
Mzee kapiga simu mwenyewe. Alikwenda kupimwa macho. Gari amelifunika turubai. Hakuniomba radhi, nami sikumwomba. Jumamosi anataka kwenda sokoni.

Jumamosi, 13 Juni
Nimempitia saa nne. Ameketi kushoto, kikapu mapajani. Kila kona mguu wake ulikanyaga zulia, pale ambapo breki ingekuwa. Nikajifanya sioni. Kwenye mzunguko akauliza kama kulia kuna gari.

Nikamwambia hakuna.

"Basi twende," akasema.