Alama ya Mkaa

Ramazani, mdogo wangu,

Wengi hukosea hapa: wakiona kitu kinaelea, hupima juu yake na kusema wamepima maji. Mimi niliyefundisha jiografia Kasongo mpaka nikaota mvi nilikosea hivyo hivyo, na kosa langu likakufikia wewe.

Unakumbuka tuliposikia redioni kwamba bahari inapanda? Uliniuliza kule kwenye ncha za dunia, bahari ikiwa imefunikwa na barafu, inapimwaje. Nikakujibu haraka: setilaiti inapima kutoka juu, basi. Ukacheka, ukasema kazi hiyo hata wewe ungeiweza. Ukarudi Salamabila, ukachora alama ya mkaa kwenye ukuta wa lile shimo la zamani lililojaa maji na matawi yanayoelea, jirani na shimo lenu la dhahabu. Kila juma ulinipigia simu: "Yaya, maji iko pale pale." Nami yaya wako, yaani mkubwa wako, nikafurahi, kama kawaida yangu mwanafunzi anapofaulu.

Kumbe matawi yalikuwa yakilowa na kudidimia taratibu, huku maji yakipanda. Juu ya matawi palibaki penye alama. Ukuta kati ya shimo lile na lenu ulipobomoka, maji yalikukuta chini.

Baada ya kukuzika nilitafuta jibu sahihi, nikalipata katika kitabu cha Kifaransa. Setilaiti hutuma wimbi la redio na kupima muda linaochukua kurudi. Likigonga barafu, hurudi limetawanyika. Lakini barafu ina nyufa, na ndani ya nyufa maji yametulia kama kioo; hapo wimbi hurudi kali na safi. Wapimaji huchagua mwangwi huo tu, ufa kwa ufa, ndipo wanajua bahari iko wapi. Juu ya barafu hapatoshi, maana theluji ikirundikana huididimiza.

Ningekueleza hivyo siku ile, Ramazani, ungekuwa... Siwezi kumaliza sentensi hii.

Sasa mwanao Amani ndiye anayechimba shimo lenu. Ukuta umezibwa, shimo la zamani limejaa tena, naye anatazama alama ile ile iliyobaki upande wa pili, kwa sababu ni mkono wa baba yake. Simu yake haipatikani. Mvua imekata njia ya Kabambare, goti langu halivumilii pikipiki, na hii ni siku ya tisa nimekaa kwenye kiti hiki na jibu ambalo haliwezi kutoka nyumbani. Asubuhi hii dereva mmoja amekubali kujaribu matope. Anabeba barua hii. Nimeiandika kwako ili Amani akusomee kaburini. Mimi peke yangu ananiona mzee mwoga, ila mbele yako hatabisha.

Pumzika, mdogo wangu. Nakuahidi sitaeleza tena jambo nisilolijua.

Na wewe Amani, uliyeshika karatasi hii: leo, kabla ya kushuka shimoni, sukuma matawi pembeni, upime maji yenyewe.