Joka la Yusuf kisimani

Garissa, Alhamisi jioni, 1996

Hili joka la Yusuf limenichosha kabisa. Mimi ndiye msimulizi wa mchezo wetu wa kuigiza hadithi kwa dadu, lakini tangu nimruhusu ndugu yangu kufuga mnyama wa kutema moto, wachezaji wenzake wamekaa bure. Kabla dadu haijatulia, joka limeshateketeza kila kitu. Nikilipunguzia nguvu, ananuna kwamba ninamwonea.

Leo nikalitia kiu. Kisima pekee cha karibu kilikuwa cha maadui, na ngamia wao walikuwa wengi mbele yake. Nikamwambia angoje zamu. Hawa wachezaji wangu hubishana nami kwa kila kanuni, lakini zamu ya kisimani hakuna aliyeibishia.

Ila Yusuf akatabasamu. "Wallahi, Halima, joka ni mgeni. Mgeni wa safari hunyweshwa kwanza. Muulize hooyo."

Mama yetu akajibu kutoka jikoni kwamba ni kweli.

Basi joka likanywa likashiba, na Yusuf akajiona mshindi. Kesho anataka kuwachoma maadui wote.

Sijamkumbusha kwamba aliyekunywa maji ya watu hawainulii mkono. Nitamwacha alifungue joka mdomo, ndipo nimwite hooyo tena.